Mkoba wa Makombo

Wifi yangu alisema atampa fundi saa jibu siku atakayomaliza kufuma mkoba wake. Alisema hivyo mlangoni, mbele yangu, sindano ya kroshia mkononi, na fundi saa akaitikia kwa kichwa kana kwamba kila mtu anajua mkoba huchukua muda gani. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu ya kupigia pasi, nimeshika kola ya shati la mtu. Niliikandamiza kola ile mpaka ikaanza kunuka moto.

Niseme wazi tusizungushane: sikutaka mkoba ule uishe. Wifi alikuwa mke wa mdogo wangu, na mdogo wangu alifariki kwa maradhi ya kifua akiwa bado kijana, akatuacha sisi wawili katika nyumba ya vyumba viwili, mimi na mdomo wangu, yeye na ukimya wake. Majirani walisema hatutamaliza mwaka bila kutoana macho. Tuliumaliza, tukamaliza na mwingine, mpaka tukaacha kuhesabu. Nilizoea kumsikia akivua viatu mlangoni. Nilizoea chai yake nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, nikailaumu kila siku na kuinywa kila siku. Sasa fundi saa alikuwa amepata duka katika mji mwingine, mji wa safari ya kulala njiani, na akimwoa atakwenda naye.

Fundi saa mwenyewe sikuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mpole, msafi, hasemi na mtu kwa sauti. Alianza kwa kuleta mashati yake kunyooshwa. Mwanzoni yalikuwa na makunyanzi kama mashati ya binadamu wengine. Kisha yakaanza kuja yamekunjwa vizuri, hayajavaliwa hata mara moja, na yeye akawa anayasubiri palepale, kwenye benchi karibu na mlango, badala ya kuyapitia jioni. Kwa muda nilijipaka poda nikidhani ananijia mimi. Mpaka nilipomwona anavyoitazama sindano ya wifi ikiingia na kutoka, kwa makini kana kwamba amefungua saa ya mtu na hataki kupoteza skrubu. Nikafuta poda nikajiambia, bibi wewe, piga pasi.

Asubuhi wifi alifanya kazi kwenye karakana ya sweta za shule. Huko mashine hula uzi kutwa nzima, na mwisho wa kila bonge hubaki kipande kisichotosha hata mkono wa sweta ya mtoto wa chekechea. Vipande hivyo hutupwa. Wifi alikuja navyo mfukoni, na nyumbani tuliviita makombo. “Leo umetuletea makombo gani?” nilikuwa namwuliza kabla hajakaa, naye ananitolea damu ya mzee, au kijani ya chupa, au njano ya kiini cha yai. Tulizijua shule zote za mji kwa rangi, na watoto wakipita dirishani tulijua nani anasoma wapi. Makombo yote yaliingia kwenye kapu kubwa lililokaa kati ya meza yangu na kiti chake.

Ulikuwa msimu wa mvua alipouanza mkoba. Alianzia chini, kwa kiduara kidogo kama kifuniko cha soda, akakizungusha kikawa sahani, kikawa sinia, halafu akaanza kupanda juu. Siku hizo mchana uliingia chumbani ukiwa umechoka, hauna jua wala giza. Mvuke wa pasi ulipanda ukakaa darini. Mashati niliyoyamaliza yalining'inia kwenye kamba, na upepo ukipita yaliinua mikono kidogo, kama watu wanaotaka kuuliza jambo halafu wanaghairi. Wifi alifuma bila kutazama. Macho yake yalikuwa nje, kwenye matone yaliyofuatana juu ya kioo, na vidole vyake vilifanya kazi peke yao huko chini kama havina mwenyewe. Nami nilipiga pasi nikisinzia, na mara nyingine sikujua kama nimenyoosha shati au nimeota kwamba nimelinyoosha.

Kila baada ya rangi ya makombo, aliweka mzunguko mmoja wa buluu. Buluu ile haikuwa ya shule yoyote, na mimi niliijua. Ilikuwa ya sweta ya mdogo wangu.

Sweta ile niliianza mimi. Kifua kilipoanza kumsumbua nilinunua buluu nzito, nikafuma mkanda wa chini, ule unaokaa kiunoni. Mkono wangu ni mzito. Vitanzi vyangu hubana. Mdogo wangu alijaribu mkanda akasema, “Dada, unanivalisha au unanifunga?” Kisha akaoa, na nikampa mkewe kazi iliyobaki, kwa sababu mkono wa wifi ni mwepesi na sweta inataka kupumua. Akapandisha mwili, akafika mabegani, akamaliza mkono mmoja. Wa pili hakuufikia. Mwenyewe hakuwepo tena wa kupimiwa.

Sasa, kroshia ina jambo lake moja. Vitanzi vyote vimesimama kwa hisani ya kimoja, kile cha mwisho. Ukikifunga, kazi ni kazi. Ukikiacha wazi na kuvuta uzi, kila kitu kinarudi kuwa uzi. Wifi hakukifunga kile cha mwisho, kwa sababu kufunga ni kusema nimemaliza. Alikibana kwa pini, akaitia sweta ndani ya foronya pamoja na bonge lililobaki, akaisukumia chini kabisa ya kapu. Hatukuizungumza tena.

“Naona umelitoa lile bonge la buluu,” nilimwambia siku ya kwanza nilipoiona rangi ile mkononi mwake.

“Si makombo tu, wifi?”

“Makombo,” nikakubali.

Bonge lenyewe halikuwa kubwa, nilijua lingekwisha upesi. Halikuisha. Njano ilikuja ikapita, kijani ikapita, urujuani wa shule ya wasichana ukapita, na buluu ikaendelea kutoka kapuni taratibu bila kukoma. Mkoba ukapanda. Wifi akawa anauongeza na upana, na mimi moyoni nikawa nashangilia, maana mkoba usiokuwa na mwisho hauna jibu.

“Wifi, unafuma mkoba au hema?”

“Mkoba.”

“Wa kubebea nini? Ng'ombe?”

“Ng'ombe ana miguu yake,” akanijibu bila kugeuka.

Fundi saa naye akija anaukagua kwa jicho moja, kama alivyozoea kukagua vitu vyake vidogo, na sura yake inaanguka kidogo. Nikamwonea huruma, lakini si sana. Nilimpa shati lake nikamwambia mambo mazuri hayataki haraka. Aliniambia asante, maskini.

Kitu kimoja nilikiona nikajitia hamnazo. Uzi wa buluu ulikuwa umebadilika. Mwanzo ulikuja umenyooka, lakini sasa ulikuja na mawimbi madogomadogo, kama nywele zilizofumuliwa sasa hivi. Yeyote aliyewahi kusukwa anayajua mawimbi yale. Nami nimesukwa tangu utotoni, lakini akili yangu ilikataa kufika hapo, ikabaki kwenye pasi.

Ndoto ndiyo iliyonifikisha. Mchana mmoja niliegemea rundo la mashuka yaliyokuwa bado na joto, usingizi ukanichukua. Mdogo wangu akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa amevaa sweta ile, na ina mkono mmoja kama tulivyoiacha. Akazunguka meza, na alipotokea upande wa pili mkono ule ulikuwa haupo. Akazunguka tena, mabega yakawa wazi.

“Husikii baridi?” nikamwuliza.

“Dada, huku hakuna baridi,” akasema, kama ninayeuliza maswali ya kitoto. Akashika shati moja kwenye kamba, la fundi saa, akageuza kola. “Hili hukulinyoosha vizuri. Umelinyoosha kwa hasira.”

Nikafumbua macho. Mvua ilikuwa inanyesha ileile. Sakafuni, mbele ya miguu yangu, uzi wa buluu ulikuwa unapita, ukitoka kapuni kwenda dirishani, unasimama kidogo, unapita tena. Nikaufuata kinyume kwa macho. Nikapiga magoti kama ninayetafuta kifungo, nikasogeza makombo, nikaufikia mdomo wa foronya. Ulikuwa wazi. Nikaingiza mkono.

Mkono wa sweta haukuwepo. Mabega hayakuwepo. Niliweka kiganja pale ambapo pangekuwa kifuani, na chini ya kiganja changu vitanzi vilikuwa vinafumuka, kimoja, kimoja, kimoja, vikinitekenya kama mdudu anayetembea. Wifi alikuwa kaketi kule dirishani anavuta, hajui. Ndivyo nilivyoamini. Niliamini kwamba bonge lilikwisha zamani, uzi ukajiunga na kazi yenyewe, na yeye kwa kutotazama kwake alikuwa anamfumua mumewe bila habari.

Nikarudi kwenye pasi.

Naomba nieleweke. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. “Wifi, tazama unachovuta.” Angetazama, angeangusha sindano, angelia kama alivyolia siku ile ya msiba. Angeikumbatia sweta ile, na mkoba usingeguswa tena, na fundi saa angechukua mashati yake masafi akaenda zake. Wifi angebaki. Angeendelea kuvua viatu mlangoni na kunipikia maji ya vikombe akiyaita chai, mpaka tuzeeke. Neno moja. Na mimi mdomo wangu haujawahi kuhitaji kusukumwa.

Halafu kulikuwa na lile jingine. Sweta ile ilikuwa kitu cha mwisho cha mdogo wangu chenye umbo lake. Viatu vyake tulivigawa. Picha yake ni ya kitambulisho, haifanani naye. Lakini mabega yale yalikuwa mabega yake, yalipimwa juu yake, na sasa yalikuwa yanakwenda kuwa tumbo la mkoba. Nilitaka kupiga kelele. Kila nilipofungua mdomo nilijikuta nasema kitu kingine: dirisha linavuja, chumvi imekwisha, fulani hajaja kuchukua suruali zake.

Siku zikapita hivyo, zote za rangi moja ya mvua. Nilianza kumtazama wifi kama mtu ninayemwona mara ya kwanza. Niliona kwamba fundi saa akichelewa, sindano husimama hewani, na shingo ya wifi hugeuka kidogo kusikiliza mwavuli ukikung'utwa mlangoni. Niliona kwamba akifuma alikuwa na wimbo puani. Si wimbo hasa, ni kujiimbia tu, kama watoto wanavyojiimbia wakicheza peke yao. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho niliusikia, nikakumbuka, na ilikuwa jikoni, mdogo wangu akiwa hai, akimwambia mkewe apunguze sauti wakati anaimba kwa kupasua masikio. Miaka yote hii nilidhani wifi ni mtu mkimya. Hakuwa mkimya. Alikuwa amenyamaza.

Hilo liliniuma kuliko sweta.

Ikafika mchana ambao uzi ulikwama. Niliuona ukikazika sakafuni, ukaruka juu kidogo, ukakazika tena. Wifi akavuta. Akavuta tena. Hakugeuka.

“Wifi,” akasema, macho kwenye kioo cha dirisha, “uzi umekwama. Hebu nitazamie.”

Nikaweka pasi kando. Nikapiga magoti kwenye kapu, nikaingiza mkono kwenye foronya. Ilikuwa kwapani, pale alipounganisha mbele na nyuma zamani zile, akapiga fundo ili pasiachie. Fundo dogo, gumu kama punje ya mtama. Lilizuia kila kitu. Nikalishika kwa vidole viwili, nikajua kwamba hapa ndipo.

Ningeweza kusema, njoo uone. Ningeweza hata nisiseme lolote. Ningeondoka tu, naye angeinuka mwenyewe, angekuja, angeona. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mashati yaliinua mikono kwenye kamba, yakashusha. Nikamfikiria mdogo wangu na kola ile. Umelinyoosha kwa hasira. Nikafikiria wimbo ule wa puani, na jinsi utakavyokatika mara moja, kama redio iliyochomolewa, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeuchomoa, halafu nitaishi na ukimya huo meza moja na kuuita amani.

Nikapiga moyo konde. Nikalichokoa fundo kwa ukucha, nikalilegeza, likafunguka.

“Tayari,” nikasema. “Vuta.”

Hakuvuta mara moja. Nilisikia akipumua.

“Asante, wifi,” akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko inavyostahili kwa uzi uliokwama. Kisha akavuta, na mimi nikabaki palepale nimepiga magoti, mkono ndani ya foronya, nikamsindikiza mdogo wangu kitanzi kwa kitanzi mpaka magoti yakafa ganzi. Nililia, lakini kimya, nikiliinamia kapu.

Mvua ilipokatika, sweta ilikuwa imefika chini. Wifi aliinuka mwenyewe safari hii. Alikuja akapiga magoti mbele ya kapu, mkoba ukining'inia kwenye sindano, akatoa foronya juu ya mapaja yake kama mtu aliyejua tangu zamani ilipo. Kutoka ndani akavuta kilichobaki: mkanda wa kiunoni, mrefu, mwembamba, umebana, buluu tupu.

Nilimtolea macho. “Ulijua?”

“Wifi,” akasema, “pini haijitoi yenyewe.”

Akageuza ukosi wa gauni lake. Pini ilikuwa pale kwa ndani, imefungwa vizuri, na sijui ilikuwa imekaa hapo kwa muda gani nami nalinyoosha gauni lile kila wiki upande wa nje. Mpiga pasi mzima. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

“Nilikuwa nasubiri uniambie acha,” akasema. “Ungesema acha, ningeacha.”

“Na fundi saa?”

“Angetafuta mwingine wa kumpelekea mashati safi.”

“Sasa mbona hukuniuliza? Mimi hapa, siku zote hizi!”

“Ningekuuliza, ungenijibu kwa mdomo.” Akatabasamu kidogo, macho yamejaa. “Nakujua mdomo wako. Nilitaka unijibu kwa mkono.”

Yeye akauinua mkanda kwenye mwanga. Pembeni palikuwa na mstari wake wa kwanza, ule mwepesi aliouanzia aliponipokea kazi, na chini yake vilianza vitanzi vyangu, vidogo, vimekunja uso. Akafumua mstari wake mpaka mwisho. Kisha akachukua mkasi, akakata uzi, akaichomeka ncha na kuifunga.

“Vitanzi hivi sivifumui,” akasema. “Hivi ni vyako.”

Akaushonea mkanda kwenye mkoba, ncha moja huku, ncha nyingine kule, na hivyo mkoba ukapata cha kushikia. Nikamwambia vitanzi vile vimebana mno, vitamkata bega. Akasema mkanda wa mkoba hutakiwa kubana, vinginevyo utaburuta chini siku ya kwanza. Tulicheka, halafu tukalia, halafu akaenda kupika chai, na sikuilaumu. Fundi saa alipokuja jioni ile na shati lake, wifi alimwonyesha mkoba umekamilika, na yule bwana mpole akakaa kwenye benchi ghafla.

Waliooana ni wao, sina la kuongeza hapo. Siku ya kuondoka, dada yake fundi saa alikuja kumsaidia wifi kufunga mizigo. Mwanamke mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, na nilimchukia kabla hajaingia kwa sababu nilijua neno atakalolitumia. Kwa miaka yote hiyo neno hilo lilikuwa letu wawili. Mimi nilimwita wifi, yeye akaniita wifi, na nyumba nzima ilitosheka na jina hilo moja. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa nikijiuliza nitamwitaje kuanzia kesho, maana mdogo wangu sasa hakuwa na mke, na mimi basi ni nani yake. Sikumwuliza. Niliogopa jibu la mdomo.

Mkoba ulimeza karibu kila kitu chake: blanketi, viatu, sufuria mbili na vifuniko vyake, na vifurushi vya makombo nilivyomwekea bila kumwambia. Rangi za shule zote za mji zilijaa tumboni mwake, na kati ya kila mbili ukapita mzunguko wa buluu. Wifi akautundika begani. Nilitazama mkanda. Mzigo wote ule uliuvuta chini, lakini vitanzi havikulegea hata kidogo.

“Wifi!” yule dada akaita kutoka nje. “Gari linatungoja!”

“Abee!” tukaitika.

Wote wawili, kwa pamoja. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yule dada akachungulia mlangoni, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

“Mbona mmeitika wawili?”

“Zoea,” wifi akamwambia, na akanisogezea upande mmoja wa mkoba ili tuubebe pamoja mpaka garini.